Somo la Mwezi: Siku za Kwanza za Mimba



Swali la mwezi huu limetujia zaidi ya mara moja katika mafundisho ya akina mama hapa Kerende, na kila mara limeulizwa kwa sauti ya chini, wengine wakiwa wamekwisha ondoka. Binti ameolewa miaka mitatu. Ng'ombe wa mahari walitolewa wote, wala hakuna deni. Mara mbili siku zake zimechelewa kama juma moja, akaanza kutumaini, kisha damu ikaja. Sasa mama mkwe anasema tumbo la binti huyu linatema. Jirani anamtaja mtu fulani kuwa ndiye aliyefunga. Naye binti anauliza: nimekosa nini?

Hatuwezi kumjibu vizuri kwa kumfariji tu. Yafaa tujue kwanza ni mambo gani yanayotendeka ndani ya mwili wa mama katika siku zile ambazo yeye mwenyewe hajajua kwamba kuna jambo. Mambo hayo yamechunguzwa kwa bidii na waganga katika miaka mia iliyopita, na mengi yake hayajafika katika mabaraza yetu.

Yai na mbegu

Wazee walizoea kumfananisha mume na mpanzi, na mke na shamba. Mfano huo umeleta lawama nyingi. Ukipanda ulezi, punje inaingia udongoni ikiwa kamili, na udongo huilisha tu. Mtoto wa binadamu haanzi hivyo. Mbegu ya mume ni nusu, na yai la mke ni nusu. Kila moja hubeba nyuzi 23 za urithi, ziitwazo kromosomu, na zikikutana huwa 46. Basi hapo hakuna shamba na mpanzi. Wote wawili wametoa mbegu.

Katika nyuzi hizo 23 mmoja huamua kama mtoto atakuwa wa kike au wa kiume. Ule wa mama ni X siku zote. Ule wa baba huenda ukawa X, akazaliwa binti, au Y, akazaliwa mvulana. Twajua nyumba ambazo mke alisemwa vibaya, hata akaletewa mke mwenzake, kwa sababu alizaa mabinti wanne mfululizo. Ikiwa ni lazima kutafuta jambo hilo lilitoka upande gani, lilitoka upande wa mume, naye hakuwa na uwezo wa kulichagua.

Safari ya siku sita

Kwa kawaida yai moja hutoka katika ovari kila mwezi, yapata siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Hupokewa na mrija wa uzazi, ambao urefu wake ni sentimita 10 hivi. Lisipokutana na mbegu ya mume, yai hilo hufa katika muda wa saa 24 au pungufu. Mbegu za mume zaweza kuishi mpaka siku 5 ndani ya mwili wa mke. Nazo hukutana na yai mrijani, wala si katika mji wa mimba kama wengi wadhanivyo. Jambo hili tulikumbuke, maana tutalihitaji baadaye.

Yai ni dogo sana. Mayai kumi yakipangwa mstari mmoja hujaza milimita moja. Likiisha kutungishwa, hukaa kama siku moja na kitu, kisha hugawanyika kuwa chembe mbili. Mbili huwa nne, na siku ya tatu ni nane hivi. Siku ya nne ni kishada cha chembe 16 au zaidi, kinachofanana na tunda la forosadi. Na katika siku zote hizo kiinitete hakiongezeki ukubwa; chagawanyika tu ndani ya ganda lake, kama mkate mmoja ukatwao vipande vingi. Huku kikigawanyika, chasukumwa polepole na vinyweleo vya mrija kuelekea mji wa mimba, nacho huingia humo siku ya nne au ya tano.

Hapo maji hujaa katikati yake, kikawa kama mpira mdogo wenye uwazi ndani. Waganga hukiita blastosisti. Chembe za ukuta wa nje ndizo zitakazofanya kondo la nyuma. Kwa ndani kuna kifungu kidogo cha chembe kilichojibandika upande mmoja, nacho ndicho kitakachokuwa mtoto mwenyewe. Kifungu hicho kikigawanyika kuwa viwili katika siku hizi, huzaliwa pacha wanaofanana kabisa. Pacha wasiofanana ni habari nyingine: hao walitoka katika mayai mawili tangu mwanzo.

Siku ya sita hivi ganda hupasuka na kiinitete hutoka, kama kifaranga.

Kujishikiza

Sasa twafika penye jibu la yule binti. Kiinitete kilichotoka katika ganda hakina chakula cha kutosha. Hapana budi kijishikize katika ukuta wa mji wa mimba upesi, la sivyo kitakufa. Nao ukuta hauko tayari siku zote; siku za kukipokea ni chache tu katika kila mwezi. Chembe za nje hujipenyeza katikati ya chembe za mama na kuingia ndani kidogo kidogo, mpaka kufika siku ya 11 au 12 kiinitete kimezama chote, na ukuta umefunga juu yake. Huko hufikia mishipa midogo ya damu ya mama.

Tena hutoa taarifa. Chembe zile za nje hutengeneza homoni iitwayo hCG, ambayo huingia katika damu ya mama na kufika kwenye ovari. Hapo lilipotoka yai pamebaki uvimbe mdogo wa rangi ya manjano unaotoa homoni nyingine ya kuulinda ukuta wa mji wa mimba. Usipopata taarifa, uvimbe huo hunyauka baada ya majuma mawili hivi, ukuta ukabomoka, na hedhi ikaja. Ukiipata, huendelea na kazi, na hedhi haiji. Kile kipimo cha mkojo kinachouzwa madukani, au kinachotumiwa zahanati, hutafuta hiyo hCG na si kitu kingine. Ndiyo maana mtu akipima siku tatu baada ya kukutana na mumewe hapati jibu lolote la maana: taarifa haijatumwa bado.

Je, ni viinitete vingapi vinavyofaulu? Tangu mwaka 1938, huko Boston, Marekani, waganga wawili, John Rock na Arthur Hertig, walichunguza miji ya mimba ya wanawake 210 iliyotolewa kwa operesheni kwa sababu za ugonjwa. Walipata viinitete 34 vya siku za mwanzo kabisa. Kumi kati ya hivyo vilikuwa na kasoro kubwa. Baadaye, katika utafiti uliotangazwa mwaka 1988, Allen Wilcox na wenzake waliwafuata wanawake 221 wenye afya waliotaka mtoto, wakapima mkojo wao kila siku. Walizikuta mimba 198. Katika hizo asilimia 22 zilipotea kabla mama hajatambua kwamba ana mimba. Damu ilikuja tu, pengine imechelewa kidogo. Ukijumlisha na zile zilizoharibika baada ya kujulikana, ni asilimia 31. Hawa hawakuwa wagonjwa, wala hawakuwa na adui. Walikuwa wanawake wa kawaida.

Wilcox aliendelea kuhesabu siku, na mwaka 1999 akaonyesha kwamba mimba nyingi zilizodumu, 84 katika kila 100, zilijishikiza siku ya 8, ya 9 au ya 10 baada ya yai kutoka. Zilizojishikiza mpaka siku ya 9, ni asilimia 13 tu zilizopotea mapema. Zilizochelewa mpaka siku ya 11, zaidi ya nusu zilipotea.

Na sababu yake? Mara nyingi ni hesabu ya nyuzi za urithi: yai au mbegu ilikuwa na uzi mmoja zaidi au pungufu, na kiinitete hakikuweza kuendelea. Hesabu hiyo ilikosewa kabla mama hajabeba ndoo wala kushika jembe. Hakuna alilolila au kulisema lililoing'oa mimba yake. Kwa hiyo, binti yetu, wewe ambaye siku zako zilichelewa ukatumaini, yaelekea kabisa kwamba mara hizo mbili ulikuwa na mimba kweli, ikaondoka kama zinavyoondoka nyingi katika nyumba ambazo leo zina watoto saba. Mama mkwe wako naye huenda zilimtoka asijue. Hata hivyo mambo kama haya yakirudia mara mbili au tatu mfululizo, mume na mke waende hospitali, wote wawili, kwa kuwa yako magonjwa yanayotibika, kama kaswende, ambayo huharibu mimba.

Tuingize hapa habari ya popo, ambayo ilitushangaza. Mtaalamu F. A. Mutere aliwachunguza popo wakubwa wala matunda wa Kampala, akaandika mwaka 1965 kwamba kiinitete chao hufika katika mji wa mimba kikatulia humo kwa miezi kadhaa bila kujishikiza. Baadaye ndipo hushika, na watoto huzaliwa katika majira yafaayo. Mwanadamu hana nafasi hiyo. Kwetu sisi zipo siku chache tu, na kiinitete hakiwezi kungoja.

Hesabu ya kliniki

Hapa tunataka kuzuia ugomvi. Mganga huhesabu umri wa mimba tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wala si tangu mimba ilipotunga. Kwa hiyo katika majuma mawili ya kwanza ya hesabu yake hakuna mimba bado. Mume alikuwa Mwanza kwa kazi, amerudi majuma sita yaliyopita; kadi ya mkewe inasema mimba ina majuma manane. Anaona amedanganywa, na pengine anainua mkono. Kumbe hesabu imekubaliana kabisa na siku aliyorudi. Tunawaomba wazee wa kanisa na wasimamizi wa ndoa walieleze jambo hili waziwazi, hata mbele ya vijana wa kiume.

Kutokana na hesabu hiyo mwaona pia jinsi mengi yanavyotendeka mapema. Siku ya 22 baada ya kutunga, moyo unaanza kupiga. Kufika siku ya 28, mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo umekwisha fungwa, na mama ndiyo kwanza anajiuliza mbona siku zake zimepita. Ndiyo sababu vidonge vya asidi ya foliki vinafaa zaidi vikianzwa kabla ya mimba. Na kwa sisi tunaoishi jirani na dhahabu kuna jambo la zebaki. Mvuke wake huingia katika damu ya mama, hupita kondo la nyuma, na kudhuru ubongo wa mtoto. Mama mwenye mimba, na yule anayetazamia, asikoroge zebaki kwa mikono, wala isichomwe jikoni anapopikia.

Ikiwa mirija imeziba

Wako wanawake ambao yai na mbegu havikutani kamwe. Mara nyingi katika nchi zetu ni kwa sababu mirija imeziba kwa makovu ya ugonjwa wa zamani: kisonono, klamidia, au uchafu ulioingia wakati wa kuzaa au mimba ilipoharibika. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliotangazwa mwaka 1985 ulionyesha kwamba Afrika ilizidi sehemu nyingine za dunia kwa tatizo hili. Klamidia yaweza kukaa mwilini bila maumivu yoyote. Tena mara nyingi huletwa na mume, na akitibiwa mke peke yake ugonjwa utarudi. Zaidi ya hayo, katika nyumba nyingi zisizo na mtoto shida iko kwa mume, au kwa wote wawili. Mume anayekataa kupimwa kwa kuwa anaona aibu anamwachia mkewe mzigo ambao huenda ni wake.

Hatuwezi kuandika haya hapa kwetu tusiitaje nyumba ntobhu. Kila mtu wa Tarime na Serengeti anaijua: mama asiye na mtoto, au asiye na mtoto wa kiume, anatoa ng'ombe na kuoa msichana, ili azaliwe watoto katika nyumba yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiitambui kuwa ndoa, na wasichana wengine wameingizwa humo wakiwa wadogo mno. Lakini kabla hatujawahukumu akina mama hao, tujiulize ni nani aliyewafundisha kwamba mwanamke asiye na mtoto hana mahali. Hana, katika kitabu cha kwanza cha Samweli, alichokozwa na Penina mwaka baada ya mwaka. Elkana mumewe alimgawia fungu lake na akaendelea kumpenda. Sehemu hiyo ya Elkana haihubiriwi sana.

Mirija ya Lesley Brown wa Uingereza ilikuwa imeziba. Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy walitoa yai lake, wakalikutanisha na mbegu za mumewe nje ya mwili, wakangoja mpaka likawa na chembe nane, kisha wakalirudisha katika mji wa mimba. Binti yake, Louise, alizaliwa tarehe 25 Julai 1978 huko Oldham. Edwards alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Wenzake walikuwa wamekwisha fariki. Kampala ilipata mtoto wake wa kwanza wa njia hii mwaka 2004, na Nairobi mwaka 2006. Gharama ni kubwa mno kwa mkulima. Wako pia Wakristo wanaosita, hasa kwa ajili ya viinitete vinavyobaki bila kutumiwa, na kusita kwao si upuuzi. Lakini angalieni jambo moja: hata huko, penye vifaa vyote, viinitete vingi vinavyowekwa katika mji wa mimba havijishikizi. Mganga anavitia kwa mkono wake, akiona kwamba ni vizuri, na bado havishiki.

Mimba iliyoshika mahali pasipo pake

Kabla ya Louise, mwaka 1976, Steptoe na Edwards waliandika habari za mimba nyingine waliyoipata kwa njia hiyo hiyo. Hiyo ilishika mrijani, ikabidi itolewe. Jambo hili hutokea hata bila waganga: katika mimba 100, moja au mbili hushika nje ya mji wa mimba, na karibu zote hizo huwa mrijani. Mrija wenye kovu hukichelewesha kiinitete njiani. Siku zake za kujishikiza zikifika hakitambui mahali kilipo. Chajipenyeza papo hapo. Nao mrija ni mwembamba, hauwezi kutanuka. Baada ya majuma machache hupasuka, na damu humwagika ndani ya tumbo.

Dalili zake ni hizi. Siku za mwanamke zimepita. Anasikia maumivu chini ya tumbo, mara nyingi upande mmoja. Huenda akatokwa na damu kidogo, hata akadhani ni hedhi iliyochelewa. Akisikia kizunguzungu, akizimia, au akiumwa ncha ya bega bila kuumia bega, damu imekwisha kumwagika ndani. Haionekani nje, na ndiyo maana watu hudanganyika wakasema ni chango, wakachemsha mizizi. Hapo hakuna muda wa mizizi.

Tumesikia ndugu wawili wakiuliza kama kuiondoa mimba ya namna hii ni kuua. Mimba iliyo mrijani haiwezi kukua ikazaliwa, na hakuna njia ya kuihamisha kuipeleka katika mji wa mimba. Ikiachwa, mama hufa pamoja nayo. Tangu mwaka 1883, Lawson Tait wa Birmingham alipoanza kuwafanyia operesheni wagonjwa hawa, wanawake wengi mno wameponywa. Siku hizi zile zinazogunduliwa mapema pengine hutibiwa kwa dawa ya sindano bila kisu. Mwenye mrija mmoja mzima aweza kushika mimba tena. Ila akishika, aende kupimwa mara moja ionekane imekaa wapi.

Kutoka Kerende mpaka hospitali ya Tarime mjini si karibu, na usiku gari ni shida. Mgonjwa wa namna hii asingojewe mpaka asubuhi. Wafuatane naye watu wawili au watatu wenye afya, kwa kuwa huenda akahitaji damu, na mmoja wao akumbuke kumwambia mganga tarehe ya hedhi yake ya mwisho.